Sura ya 6: Zege Jekundu

Mtaro wa umeme hufukiwa mara moja na kufukuliwa mara nyingi. Leo anakuja mtu wa maji, mwakani mtu wa faiba, baada ya miaka kumi mkandarasi anayepanua barabara, na siku nyingine mwenye kiwanja mpya anayechimba shimo la choo bila kumuuliza mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ya kufukia. Wengi hawana ramani. Wenye ramani mara nyingi wanashika ile iliyochorwa kabla kazi haijaanza, ambayo haijui kwamba mafundi walikutana na mwamba wakapinda mita mbili kushoto. Kitu pekee ambacho watu hawa wote watakutana nacho kwa hakika ni kile kilichoachwa mle mtaroni, juu ya kebo.

Ukimwambia mtu kwamba mabomba ya nyaya za umeme yamemwagiwa zege, atafikiria ulinzi: kitu kigumu cha kuzuia sululu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia mchimbaji, akiwa bado salama, kwamba amefika mahali pa kusimama. Zege lisilosema kitu linaweza kumponza. Mchimbaji akigonga kitu kigumu ardhini hafikirii umeme; anafikiria jiwe, msingi wa zamani, au kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Kazi yake imemzoesha kwamba kigumu hujibiwa kwa nguvu. Basi anaweka chepe kando, anaomba mtaimbo, anausimamisha wima na kuuangusha kwa uzito wake wote mahali palepale.

Chuma kikipenya kebo yenye umeme, wengi hudhani hatari kubwa ni kupigwa shoti. Ipo, lakini mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, ule uitwao HSG47, unatilia mkazo jambo jingine: majeraha mengi ya ajali hizi ni ya moto. Ncha ya mtaimbo inaunganisha waya wenye umeme na waya mwingine, au na ngao ya chuma ya kebo, na mkondo mkubwa unapita ghafla mahali padogo. Hewa yenyewe inageuka njia ya umeme. Joto linafika maelfu ya nyuzi, shaba inakuwa mvuke, na mlipuko unatafuta pa kutokea. Mtaro una upande mmoja tu ulio wazi, nao ni wa juu, alikoinamia mtu. Kwa hiyo nikizungumzia uteuzi wa zege, namzungumzia mtu huyo aliyeinama. Bei ya mfuko wa saruji ni jambo la baada yake.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa ndiko desturi ya kulitia zege hili rangi nyekundu ilikoenea zaidi. Kitabu cha kanuni za umeme cha nchi hiyo, NEC, kina jedwali la kina ambalo bomba au kebo inapaswa kufukiwa. Kwa matumizi ya kawaida, bomba la PVC linatakiwa kuwa na udongo wa milimita 450 juu yake. Ukilifunika kwa zege lenye unene wa milimita 50, jedwali linakuruhusu kupanda hadi milimita 300. Bomba la chuma nene, ambalo lenyewe ni ngao, linaweza kukaa milimita 150 tu chini ya uso wa ardhi. Kwa maneno mengine, kanuni inahesabu zege hilo jembamba kuwa na thamani ya milimita 150 za udongo. Pia inataka utepe wa tahadhari ulazwe angalau milimita 300 juu ya nyaya zinazoleta umeme kutoka mtandao wa nje, zikiwa zimezikwa milimita 450 au zaidi na hazikufunikwa kwa zege. Zenye zege haziwekewi sharti hilo. Waandishi wa kanuni wanaonekana kuamini kwamba zege linajisemea lenyewe.

Mimi siamini hivyo, na wamiliki wengi wa mitandao ya Marekani nao hawaamini, ndiyo maana huongeza rangi. NEC haiwalazimishi. Ni vyuo vikuu, viwanja vya ndege, hospitali na mashirika ya umeme yanayoandika katika masharti yao ya ujenzi kwamba zege la mabomba ya umeme litiwe rangi nyekundu. Nyekundu ilikuwa tayari ina maana. Katika mfumo wa rangi wa chama cha kazi za umma cha nchi hiyo, APWA, nyekundu ni umeme, njano ni gesi, chungwa ni mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka. Kabla ya kuchimba, mtu hupiga simu namba 811, kisha wenye mitandao wanakuja kupuliza mistari ya rangi hizo juu ya lami na nyasi. Mistari hiyo hufutika kwa mvua na kwa matairi. Zege jekundu linashusha lugha ileile chini ya ardhi na kuiacha huko.

Rangi yenyewe ni unga wa oksidi ya chuma. Aliyekulia katika nyumba yenye baraza jekundu linalong'arishwa kwa polishi anaujua unga huu: ndio ambao fundi aliuchanganya na saruji siku ya kusakafia. Hauchujuki kwa jua, wala hauliwi na ukali wa saruji mbichi, ukali ambao huharibu rangi nyingi nyingine. Kipimo chake huhesabiwa kwa uzito wa saruji, si kwa uzito wa zege zima. Asilimia 3 ya mfuko wa kilo 50 ni kilo moja na nusu. Ukipita asilimia 5 au 6 unaongeza gharama na wekundu hauzidi sana, na kiwango cha Marekani kinachosimamia rangi za zege, ASTM C979, kinaweka ukomo wa asilimia 10. Kuna mtego mmoja: unga huo ni laini mno na hunywa maji. Kibarua akiona mchanganyiko umekaza ataongeza ndoo ya maji, na ndoo hiyo ndiyo inayodhoofisha zege, ingawa lawama huangukia rangi.

Namna ya kuitia ina uzito kuliko kiasi. Njia rahisi, inayopendwa na kila mkandarasi mwenye haraka, ni kumwaga zege la kawaida na kunyunyiza unga juu yake likiwa bichi, kisha kusugua kwa mwiko. Siku ya ukaguzi linapendeza. Lakini wekundu huo ni wa juu tu, na meno ya kijiko yakishaukwangua, kinachobaki ni zege la kijivu lisilo na habari yoyote. Njia bora kidogo ni kumwaga tabaka la juu, kama sentimita 8 au 10, likiwa limechanganywa rangi kotekote, tena kabla la chini halijakauka. Ukisubiri hadi kesho yake, matabaka mawili hayatashikana vizuri, na kipande chekundu kitabanduka peke yake kama bamba, kisha mchimbaji atakitupa kando na kuendelea.

Hata tabaka hilo lina kasoro moja ambayo michoro mingi haiioni, nayo ni kwamba mchimbaji haji kutoka juu kila mara. Anayechimba mtaro mpya sambamba na ule wa zamani huja kutoka ubavuni. Kijiko kinakwangua ukuta wa mtaro na kukuta zege kwa pembeni, chini kabisa ya tabaka jekundu. Kwa sababu hiyo, mahali popote ambapo fedha inaruhusu, nasimama upande wa kuchanganya rangi katika zege lote. Kila kipande kitakachovunjika, kutoka upande wowote, kitatoka chekundu hadi moyoni. Kwa mtaro mfupi wa nyumba au duka, gharama ya ziada ni kilo chache za unga, na sioni hoja ya kuzibana.

Desturi hii ya Marekani haifai kunakiliwa kwetu bila kuangalia udongo wa mahali. Nyekundu huonekana kwa kuwa ni tofauti na kilichoizunguka. Katika mchanga mweupe wa Dar es Salaam au Mombasa, zege jekundu linapiga kelele. Lipeleke Kiambu au miteremko ya Kilimanjaro, kwenye udongo mwekundu unaoganda kwenye buti na kupaka kila kitu, na litapotea. Udongo ukishalowa unalipaka hata zege la kijivu, sembuse lenye rangi yake. Vumbi linaloruka sululu ikigonga ni jekundu, na vumbi la udongo nalo ni jekundu. Kwenye ardhi ya namna hiyo, utepe wa tahadhari wa njano, uliolazwa milimita 300 juu ya zege, ni lazima hata kama hakuna kanuni inayoudai. Ningeongeza na maandishi: ubao wenye herufi zilizochongwa unagandamizwa juu ya zege bichi kila baada ya hatua chache, ukiacha neno HATARI limezama. Hilo ni neno ambalo hata asiyesoma gazeti amelizoea kwenye milango ya transfoma, tena linasomeka kwa vidole penye tope.

Sasa tuje kwenye ugumu, ambako naona makosa mengi yakifanywa kwa nia njema.

Kwanza itenganishwe kebo iliyolazwa moja kwa moja ardhini na kebo iliyomo ndani ya bomba. Ya kwanza haimwagiwi zege. Inalazwa juu ya mchanga laini, inafunikwa mchanga, kisha juu yake vinapangwa vigae vya zege au bamba za plastiki ngumu, ndipo kifusi kinarudi. Ikiharibika, vigae vinainuliwa kwa mkono na fundi anaifikia. Ukiifunga ndani ya zege umemhukumu fundi huyo kuvunja kwa drili sentimita chache kutoka kwenye kitu anachotaka kukiokoa. Ya pili ni tofauti kabisa: kebo iliyomo ndani ya bomba inavutwa kutoka shimo moja la ukaguzi hadi jingine, na bomba linabaki palepale. Hapo zege linaweza kuwa gumu, kwa kuwa hakuna anayetarajiwa kulivunja.

Linaweza, lakini si lazima. Kuna mchanganyiko dhaifu wa makusudi, wenye saruji kidogo, mchanga mwingi, mara nyingi jivu la makaa ya mawe, na maji ya kutosha kuufanya utiririke na kujaza kila pembe bila kushindiliwa. Idara ya maji ya serikali ya Marekani iliutumia mwaka 1964 huko Texas kulaza mabomba ya mradi wa Canadian River. Chama cha zege cha Marekani, ACI, kinauweka katika kundi la vitu vyenye nguvu ya kuhimili mgandamizo isiyozidi megapaskali 8.3. Ukiwa na megapaskali 0.3 hivi, mtu anaweza kuuchimba kwa chepe; kati ya 0.7 na 1.4 unahitaji mashine. Zege la kawaida la msingi wa nyumba lina megapaskali 20 au zaidi.

Mchanganyiko huu nausifu kwa jambo moja: unajaza vizuri chini ya mabomba, mahali ambapo kifusi cha kawaida huacha mianya. Lakini kama alama ya hatari siuamini peke yake. Kitu kinachochimbika kwa chepe hakimsimamishi mwenye chepe. Ukitumika, uwe chini na pembeni, na juu yake liwekwe tabaka la zege halisi lenye rangi. Mahali ambapo mabomba yanavuka barabara, yanapopanda karibu na uso wa ardhi kwa sababu ya mwamba, na yanapobeba umeme wa msongo mkubwa karibu na kituo, sina mjadala: zege gumu pande zote. Kokoto ziwe ndogo, zisizozidi milimita 10, la sivyo zitakwama kati ya bomba na bomba na kuacha mashimo matupu katikati.

Kumwaga kwenyewe kuna mshangao unaowakuta hata mafundi wazoefu wa majengo. Bomba tupu ndani ya zege bichi huelea kama chupa tupu iliyozamishwa kwenye ndoo ya maji, isipokuwa zege ni zito kuliko maji kwa zaidi ya mara mbili. Tupige hesabu. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 110 linasukuma kando takribani lita 9.5 za zege kwa kila mita. Zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo msukumo wa juu ni karibu kilo 23 kwa mita, na bomba lenyewe halifiki kilo mbili. Kipande kimoja cha mita 6 kinasukumwa juu kwa zaidi ya kilo 120. Mabomba sita yaliyopangwa pamoja ni zaidi ya kilo 700. Waliofunga mabomba yao kwa waya mwembamba kwenye vijiti vya mbao hushuhudia safu nzima ikiinuka polepole katikati ya kazi, na ikishainuka hairudi. Basi mabomba yashikiliwe na vishikizi vya plastiki vinavyoacha nafasi sawa kati yake, safu nzima ifungwe kwenye nondo zilizopigiliwa chini ya mtaro, na zege limwagwe kwa awamu: kwanza lifike usawa wa safu ya chini, lianze kukaza kidogo, ndipo liendelee. Asiyefanya hivyo atapata mabomba yaliyo juu kuliko mchoro unavyosema, yenye tabaka jembamba kupita kiasi juu yake, na yenye mipindo itakayokwamisha kebo siku ya kuvuta.

Hapohapo kwenye kufunga pana jambo la umeme ambalo fundi wa nondo hana sababu ya kulijua, hivyo aambiwe. Mkondo wa umeme unaopita katika waya mmoja huzungukwa na usumaku, na pete ya chuma iliyofungwa kuuzunguka waya huo pekee hupata joto bure. Kama kila bomba litabeba waya wa fezi moja, pasiwe na pete ya nondo au ya waya wa kufungia inayozunguka bomba moja hadi kujifunga. Pete izunguke mafungu yenye fezi zote, ambamo usumaku wa waya mmoja unafutwa na wa wenzake.

Joto linanifikisha kwenye sababu ya zege isiyosemwa mara nyingi. Kebo yenye mzigo huchemka kidogo kila saa ya maisha yake, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kupita kwenye kilichoizunguka. Hesabu ambazo wahandisi wa Marekani wanazitumia mpaka leo zilitolewa na J. H. Neher na M. H. McGrath mwaka 1957. Katika hesabu hizo, ukinzani wa joto wa zege kwa kawaida huwekwa kuwa 55 na wa udongo 90, na namba ndogo ndiyo nzuri. Zege linapitisha joto kuliko udongo, na la muhimu zaidi, halibadiliki sana ukame ukija. Udongo na mchanga hubadilika. Vikikauka, hewa inachukua nafasi ya maji kati ya chembe na joto linanaswa.

Jiji la Auckland, New Zealand, lilijifunza hilo kwa gharama. Kati ya Januari na Februari 1998, katika kiangazi cha joto na ukame, kebo nne za kilovolti 110 zilizolisha katikati ya jiji ziliharibika moja baada ya nyingine, na kwa takribani wiki tano ofisi na maduka yakaendeshwa kwa jenereta au yakafungwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ukiwemo uchakavu wa kebo zenyewe, lakini ardhi iliyozizunguka haikuweza kuondoa joto kama wahandisi walivyokuwa wamehesabu. Zile zilikuwa kebo za ardhini moja kwa moja, na zege lisingekuwa dawa ya yote. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha kwamba kinachorudishwa mtaroni ni sehemu ya mtambo wa umeme, na anayejaza mtaro kwa kifusi chochote kilichopo jirani anapunguza nguvu ya kebo bila kuigusa.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu za mashariki na kusini mwa Nairobi, una matata yake. Huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na zege refu lililolazwa juu yake litanyanyuliwa upande mmoja na kuachwa likining'inia upande mwingine hadi lipasuke. Huko chimba zaidi, ondoa udongo huo chini ya mabomba, weka changarawe iliyoshindiliwa, na tia nondo za urefu katika zege. Mahali penye hatari kubwa ni pale zege linapogusana na ukuta wa jengo au wa shimo la ukaguzi. Jengo lina msingi wake, mtaro una wake, na vikishuka kwa viwango tofauti mabomba hukatwa kwenye mpaka huo kama kwa mkasi. Nondo zichimbiwe ukutani na kuingia ndani ya zege la mabomba, ili mita za kwanza zishuke pamoja na jengo au zisishuke kabisa.

Jambo moja lililobaki ni la siku yenyewe ya kumwaga. Kabla gari la zege halijafika, wakati mabomba yako wazi na yamefungwa, piga picha kila baada ya mita chache huku futi ikiwa imelazwa ndani ya mtaro na namba zake zikisomeka. Pima umbali kutoka kwenye kona ya jengo, ukingo wa daraja, au nguzo ya zege; mwembe utakatwa na ukuta wa mabati utahamishwa. Andika kina halisi, si cha mchoro. Nakala moja abaki nayo mwenye mtandao, nyingine ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa ndani ya boksi la swichi kuu, mahali ambapo fundi yeyote atakayekuja kuzima umeme kabla ya kuchimba atalazimika kufungua.